Maji ndani ya MX-5: tafuta yanapoingilia kabla hujashika silikoni

Mwenye Mazda MX-5, lile gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai la kukunja, akikuta kapeti imelowa, wa kwanza kulaumiwa ni paa. Gari linapelekwa kwa fundi wa viti, fundi anapaka gundi kwenye mishono, na mvua inayofuata maji yanarudi palepale. Mara nyingi paa halina kosa. Tangu gari la kwanza lilipooneshwa Chicago mwaka 1989, likauzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, waliolibuni walijua kwamba maji kidogo yatapita ukingo wa turubai. Ndiyo maana nyuma ya viti, chini ya mkunjo wa paa, kuna mfereji wa plastiki unaoyapokea na kuyaelekeza kwenye matundu mawili, moja kila upande, ambako yanashuka kwa mipira hadi chini ya gari. Mfereji ukiwa mzima na mipira ikiwa wazi, hata masika hayakusumbui. Mipira ikiziba, maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kapeti yako.

Ninayoeleza hapa yanahusu zaidi matoleo mawili ya kwanza: NA (1989 hadi 1997, lile la taa za kuchomoza) na NB (1998 hadi 2005), kwa sababu hayo ndiyo yaliyozeeka raba. NC na ND, matoleo yaliyofuata, yana wazo hilohilo, nitayataja yanapotofautiana. Kwa aliyeko Kenya anayeagiza gari leo kutoka Japani, sharti la gari lisizidi miaka minane linamwachia ND tu. NA na NB unazoziona Nairobi ziliingia zamani, na jua limeshazipiga vya kutosha.

Kabla ya yote: ni maji gani, na yalilowesha lini?

Maswali mawili yanaokoa siku nzima ya kufungua gari. La kwanza, je, mvua ilinyesha? Kama kapeti ya mbele inalowa wakati wa kiangazi, baada ya safari ndefu na kiyoyozi kimewashwa, achana na paa kabisa. La pili, maji yenyewe yakoje? Chovya kidole, sugua, nusa. Maji ya mvua hayatelezi. Maji ya rejeta yanateleza kama yana mafuta, yana harufu tamutamu, na mara nyingi yana rangi ya kijani au nyekundu. Hayo yanatoka kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi, na dalili yake nyingine ni ukungu wa mafutamafuta juu ya kioo cha mbele. Kazi hiyo ina fundi wake, na usiicheleweshe kwa sababu injini inapoteza maji yake ya kupoozea.

Jambo jingine la kukumbuka ni mteremko. Chini ya kapeti ya MX-5 kuna sponji nene inayonyonya maji na kuyasafirisha. Gari lililolala usiku likiwa limeinamia mbele linaweza kupokea maji nyuma ya viti na kukuonesha ulowevu kwenye pedali. Kwa hiyo inua kapeti, gusa bati lenyewe, na fuata alama: mstari wa vumbi lililokauka, kutu changa, au waya wenye matone. Maji hushuka, hayapandi. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kuanzia.

Kapeti imelowa nyuma ya viti, au sponji ya chini ya viti inatoa maji ukiikanyaga

Kwa NA na NB, hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni ile mipira ya kushushia maji. Majani ya mwarobaini, maua ya mwembe, maua ya jakaranda yanayoanguka Nairobi mwezi wa Oktoba, vumbi la barabara ya murram: vyote huteleza juu ya turubai, hujikusanya kwenye mfereji, halafu huoza na kuwa tope jeusi kwenye mdomo wa tundu. Gari lililolala chini ya mti kwa msimu mmoja linatosha kuziba.

Tundu lenyewe limejificha. Fungua vitasa vya mbele, inua paa nusu, kisha tazama kwa tochi nyuma ya ule mnara wa mkanda wa kiti, kati yake na bodi. Utaona mfereji unaishia hapo. Toa takataka kwa vidole kwanza, usizisukume ndani. Kisha chukua chupa ya nusu lita, mimina taratibu kwenye tundu, na mtu mwingine achungulie chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma, karibu na pale pa kuwekea jeki. Utapata moja kati ya majibu haya.

Maji yakitoka chini mara moja na kwa wingi, upande huo ni mzima. Hamia upande wa pili na usiruke, kwani mara nyingi mmoja huziba peke yake.

Yakitoka kwa kudondoka tu, au yakisimama juu ya tundu, mpira umeziba. Hapa ndipo watu wanaharibu. Wanachukua waya mgumu wa kutundikia nguo, wanasukuma kwa nguvu, na mpira unatoboka ndani ya bodi mahali ambapo mkono haufiki. Tumia kitu laini chenye ncha butu: uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ulioyeyushwa ncha kidogo kwa moto ili usichane, au ile springi iliyovikwa plastiki ya kutundikia mapazia. Ingiza huku unazungusha, mimina maji, rudia. Upepo wa kompresa nao una hatari yake. Ukipuliza kwa nguvu kutoka juu unaweza kuufyatua mpira kutoka kwenye kiungo chake. Kama huna budi, puliza kutoka chini, kwa nguvu ndogo.

Jibu la tatu ndilo baya: umemimina nusu lita, tundu limeyameza yote, na hakuna kilichotoka mahali pake. Badala yake kapeti imelowa, au maji yanadondoka kwenye vitundu vidogo vya kizingiti, lile bati lililo chini ya mlango. Maana yake mpira umechomoka au umepasuka, na maji yanaingia ndani ya kizingiti. Kizingiti cha MX-5 kinaoza kutokea ndani, sehemu ya nyuma karibu na tairi, na rangi ikianza kufura kwa nje ujue bati la ndani limeshaliwa. Wenye magari haya Uingereza wanakijua vizuri kidonda hiki, maana ndicho kinachowaangusha kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Hapa hakuna njia ya mkato: toa kapeti na plastiki za pembeni, fuata mpira hadi mwisho, badilisha. Ni kipande cha bei ndogo ukilinganisha na kuchomelea kizingiti.

Kwenye NC na ND kuna kichujio kidogo mdomoni mwa tundu kinachozuia majani yasishuke. Ni wazo zuri, ila kichujio chenyewe kinaziba haraka kuliko tundu lisilo na kitu. Kwa hiyo mwenye ND asidhani amesalimika kwa sababu gari lake ni jipya.

Kama mipira yote miwili iko wazi na bado nyuma kunalowa, ndipo uugeukie mfereji wenyewe. Ule wa NA na NB ni wa plastiki, na baada ya miaka ya jua unakuwa mkavu na kupasuka kwenye kona. Ukiweka karatasi za choo kando ya chuma kinachoubana mfereji kwa chini, kisha ukamwagia maji kwenye ukingo wa nyuma wa paa, karatasi ya kwanza kulowa itakuonesha ufa ulipo. Mfereji uliopasuka haubandikiki ukadumu. Hubadilishwa, na kwa kuwa unafungwa pamoja na turubai kwa vyuma vitatu na nati za namba 10, hii ndiyo sababu ya haki ya kubadilisha paa lote.

Paa jipya, maji palepale

Hili linaudhi kuliko yote kwa sababu pesa imeshatoka. Chunguza mambo mawili. Je, fundi aliweka mfereji mpya, au alirudisha ule wa zamani chini ya turubai jipya? Na je, ukingo wa mfereji ulilazwa ndani kuelekea kwenye yale matundu, au ulibaki umekunjamana juu ya bati? Fundi wa viti anayezoea turubai za pikapu anaweza kuubana vizuri na kuufanya upendeze, huku ncha zake mbili zikimwaga maji pembeni ya tundu. Mimina maji kabla hujaliondoa gari gereji. Hakuna aibu kuomba ndoo.

Matone yanadondoka kwenye paja, au kona ya juu ya kioo cha pembeni

Hapa sasa ni raba. Kila upande wa paa una vipande kadhaa vya raba vinavyokutana, na vioo vya milango havina fremu. Kioo kikipanda kinajibana moja kwa moja kwenye raba. Raba ikilala au kioo kisipofika, tone linaingia kwenye kiungo.

Usianze kwa kununua raba. Anza kwa kutazama kama kioo kinapanda hadi mwisho. Vioo vya umeme vya NA vinajulikana kwa uvivu: grisi ndani ya mlango inakauka, kioo kinasimama kabla ya kufika juu, na wewe unahesabu raba imekufa. Sukuma kioo kwa kiganja ukiwa umeshika swichi, kama kinaongeza, fungua mlango upake grisi mpya kwenye reli.

Kisha fanya kipimo cha karatasi. Weka kipande cha gazeti kati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Karatasi inapaswa kukaza kidogo kila mahali. Inapochomoka bila ukinzani ndipo maji yanapopita. Fanya hivyohivyo kwenye boriti ya juu ya kioo cha mbele, pale paa linapofungwa. Kama imelegea mbele kote, ndoano za vitasa viwili zinaweza kufupishwa ili ziivute turubai zaidi. Zungusha kidogo, jaribu, zungusha tena. Ukikaza kupita kiasi kitasa kinakuwa kigumu na raba inabanwa hadi inakufa mapema. Kama imelegea upande wa kioo tu, ndani ya mlango kuna boliti za kukilaza kioo kwa ndani. Kazi hiyo inahitaji subira, kwa sababu ukikilaza mno kioo kitakuwa kinagonga raba kila unapofunga mlango.

Raba iliyolala lakini haijapasuka inaweza kurudi kidogo. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikaushe, ipake grisi ya silikoni, iachie siku kadhaa huku paa likiwa limelegezwa vitasa. Vaselini ni ya mafuta ya petroli, inaifanya raba ivimbe na kulainika, kwa hiyo iache kwa ngozi yako. Ile dawa ya kung'arishia matairi nayo isiguse hapo.

Miguuni mbele kunalowa, nyuma kukavu

Kama hakuna mvua, tazama kiyoyozi. Kwenye hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, kiyoyozi kinatoa maji mengi kutoka hewani, na maji hayo yanatakiwa kudondoka chini ya gari kupitia kibomba kinachotokeza kwenye ukuta wa injini. Endesha na kiyoyozi nusu saa, simama, chungulia. Pasipo na dimbwi dogo chini, kibomba kimeziba na maji yanamwagikia miguuni pa abiria. Uzi uleule wa nailoni, kutoka chini, unamaliza kazi.

Kama ni baada ya mvua, fungua kava la plastiki lililo chini ya waipa. Humo ndani kuna chemba ya kuingizia hewa, na majani yakijaa maji yanapanda hadi yanafika kwenye feni na kushuka ndani. Yatoe yote, kisha mimina maji uone yanavyotoka nyuma ya madigadi za mbele. Tope likikaa huko siku zote linakula bati la madigadi na la kizingiti kwa mbele, kwa hiyo osha hadi maji yatoke meupe.

Mlango ni mshukiwa ambaye watu humsahau. Maji yanayoteremka juu ya kioo yanaingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, na hilo ni la kawaida kwa gari lolote. Yanatakiwa yatoke kwenye vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya mlango. Fundi wa redio au spika akiichana na kuirudisha bila gundi, maji yanateremka juu ya paneli na kulowesha kapeti pembeni ya kiti. Rudisha nailoni kwa gundi nyeusi ile inayobaki laini, na zibua vitundu vya chini kwa kijiti. Ukisikia maji yakichezacheza ndani ya mlango unapoufunga, vitundu vimeziba. Ukiyasikia unapofunga breki, na mlango uko sawa, yamo ndani ya kizingiti. Rudi juu kwenye habari ya mipira.

Usiache sehemu hii ilowe. Kwenye baadhi ya Eunos za injini ya 1.6, kompyuta ya injini imelala chini ya kapeti ya mbele upande wa abiria. Injini inayokohoa siku ya mvua peke yake inaweza kuwa inakuambia kompyuta imeanza kulowa.

Buti

Buti la NA na NB ni dogo na limebeba betri upande wa kulia, kwa hiyo maji humo yana gharama. Kabla ya kuyatafuta, angalia sakafu karibu na betri. Unga mweupe, rangi iliyomenyuka na kutu iliyokusanyika pale tu si kazi ya mvua, ni mvuke wa asidi. Betri ya kiwandani ya gari hili ilikuwa ya kufungwa, yenye vibomba vya kupeleka mvuke nje. Betri ya kawaida ya dukani ikiwekwa bila kibomba, asidi inakula bati polepole. Weka betri inayofaa, safisha kwa maji yenye magadi ya unga, kausha, paka rangi.

Maji ya mvua hasa huingia kupitia gasketi za taa za nyuma, gasketi ya ile taa ya tatu ya breki juu ya mfuniko, na raba inayozunguka mdomo wa buti. Kwa NA ongeza tundu la antena. Mtu haingii kwenye buti hili kuchungulia, kwa hiyo tandaza gazeti kavu sakafuni na pembeni, weka simu ikirekodi ikiwa na tochi, funga, kisha mwagia maji ya mpira bila presha: kwanza taa ya kushoto peke yake, kisha ya kulia, kisha taa ya juu, mwisho raba. Ukimwagia kote kwa pamoja umejinyima jibu. Gasketi za taa huzibika vizuri kwa kung'oa taa, kusafisha sponji iliyokufa, na kuweka mpya.

Kanuni hiyo ya kumwagia sehemu moja kwa wakati, kuanzia chini kwenda juu, inafaa gari zima. Mashine ya presha haifai kupimia, kwani inaingiza maji mahali ambapo mvua haifiki na inang'oa nyuzi za mishono.

Silikoni, na kukausha

Silikoni ya vigae ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni bafuni. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na inaanzisha kutu kwenye bati. Aina zote zinaacha utando ambao rangi na raba mpya hazishiki. Mbaya zaidi, watu wanaziba nayo mdomo wa mfereji wakidhani ni ufa. Mshono wa turubai unaovuja kweli, hasa kando ya dirisha la plastiki la NA, unahitaji dawa ya mishono ya mahema, na uzi uliooza unahitaji sindano.

Ukishapata chanzo, toa viti. Kila kimoja kina boliti nne. Eunos nyingine zina spika ndani ya viti, kwa hiyo chomoa waya kabla ya kunyanyua. Inua kapeti na sponji yake, anika juani hadi sponji ikauke katikati, si juu tu. Ukikausha kapeti ikiwa ndani ya gari, juu inakauka, chini inabaki na maji, na ukungu wa alfajiri kwenye vioo utaendelea kukushangaza. Bati lioshwe, na kwa waishio pwani lisuuzwe chumvi, likaushwe, kutu ndogo isuguliwe na kupakwa rangi.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ndogo: chupa ya nusu lita kila upande kabla ya masika na tena kabla ya vuli, majani yatolewe kabla ya kukunja paa, na turubai lililolowa lisikunjwe hadi likauke. Kava la nailoni lisilopitisha hewa lisifunikwe juu ya gari lenye unyevu. Kama gari linalala chini ya mwarobaini, ipime mipira kila mwezi.